RAM ya Katarina na Shikamoo ya Makoye

Anayetaka kubisha asubiri mwisho. Katarina mwenyewe bado yuko hai, na ukibisha mapema atakuja kukujibu na ungo wake mkononi.

Katarina wa Ifakara alianza kuuza mchele zamani sana, enzi ambazo mto Kilombero ulikuwa mwembamba kiasi cha kurukwa na mbuzi mwenye mimba. Jicho lake moja ni dogo kuliko jingine kwa ajili ya kuchungulia magunia ya watu. Kuna mwaka alinusa gunia likiwa bado limefungwa kule Malinyi, yeye amekaa barazani kwake Ifakara, akasema, "Lile lina chenga chini." Lori lilipofika, gunia likafunguliwa, chenga tupu. Shule hakuwahi kwenda hata kusalimia, lakini hakuna mchuuzi aliyewahi kumuuzia mchele wa juu mzuri na wa chini mbovu akaondoka na mashavu yote mawili.

Tatizo la maisha yake lilikuwa moja tu, nalo lilivaa kofia ya pama. Liliitwa Makoye.

Makoye aliteremka bondeni kutoka Usukumani na ng'ombe wengi, hata wa kwanza walifika Ifakara wakati wa mwisho bado wanaagwa kwao. Alipochoka kuwafuata aliwauza, akafungua ghala la mchele likatazamana na la Katarina. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake. Si kwamba walichukiana. Ni kwamba shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na pale hakuna aliyekubali kuwa mdogo.

Mwaka wa kuzaliwa hakuna aliyeujua. Katarina alisema, "Mimi nilizaliwa kabla ya reli. Wachina ndio walinijia nikawaonyesha pa kuipitisha." Makoye akasema, "Wachina hao walipoondoka kwao, mimi nilikuwa nimeshaota mvi." Mwaka uliofuata Katarina akajiongezea miaka, naye Makoye akajiongezea. Watu wengine huukimbia uzee; hawa waliugombea kama nyama ya ukweni, wakawa wanazeeka mbio kuliko kalenda. Asubuhi wakipishana, Makoye hukohoa mpaka apite, na Katarina huinama kufunga kamba za viatu. Siku zote huvaa ndala.

Sasa, Katarina ana mjukuu, Herieth, dada mtu mzima mwenye duka la steshenari karibu na stendi. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anawajazia vijana maombi ya vyuo. Mwaka huu, msimu wa maombi ulipopamba moto, kompyuta ya Herieth ikaanza kuzeeka kama bibi yake. Ukibonyeza herufi, unakwenda kunywa chai ya mama ntilie, unarudi, ndipo herufi inatokea, tena imechoka. Wateja wakaanza kununa, na mmoja alinuna mpaka picha yake ya pasipoti ikakataliwa.

Akaitwa Fidelis, fundi kompyuta. Akafungua mashine, akapuliza vumbi, akachomoa vibao viwili vyembamba kama vipande vya biskuti.

"Shikamoo bibi," alimwambia kwanza Katarina, aliyekuwa amekaa pembeni akichagua mawe kwenye mchele.

"Marahaba, baba. Imekufa?"

"Hapana, mashine ni nzima. Kilichokufa ni hiki kibao kimoja. Hii inaitwa RAM, ndiyo kumbukumbu yake ya kufanyia kazi."

"Sema kwa mtu aliyezaliwa na mama."

Fidelis akakuna kichwa. "Bibi, ghala lako lina magunia mengi. Lakini mpunga wa kuanika leo unautandaza wapi?"

"Kwenye turubai."

"Basi RAM ni turubai. Ghala linaweza kuwa kubwa, lakini turubai likiwa dogo, unaanika kiganja kimoja kimoja. Ndiyo maana inakwenda kama konokono."

Katarina akaacha kuchagua mawe. Tangu azaliwe kompyuta haijawahi kuelezwa vizuri namna ile. "Mnunulieni turubai jingine, basi."

Herieth akacheka kwa uchungu. "Bibi, hujui bei. Mwaka jana RAM ilikuwa bei ya jogoo. Juzi nimeona mtandaoni ni jogoo watatu. Leo ni mbuzi. Na muuzaji anasema kesho nisimuulize."

"Nani kaificha?" Katarina aliuliza hapo hapo, maana bei ya kitu ikipanda kila wiki, yeye huuliza kwanza ghala liko kwa nani.

"Hajaificha mtu," alisema Fidelis. "Viwanda vinavyozitengeneza ni vichache dunia nzima. Sasa makampuni makubwa ya nje yanajenga mashine za kufikiri badala ya watu, yanawahi kununua mzigo wote kabla haujatoka. Sisi wa moja moja tunagombea makombo."

Katarina akajipiga paja. "Wananunua mpunga ukiwa bado shambani! Mke mwenzangu," akamgeukia Herieth, maana ndivyo bibi na mjukuu wanavyoitana kwao, "hao watu wana akili. Ningependa kuwafahamu."

Mlangoni kukasikika kikohozi. Makoye alikuwa amefika kutoa kopi, na masikio yake, kama kofia yake, ni mapana.

"Mnunue kwenye simu!" alisema. "Mtu unamlipa usiyemwona, akuletee kitu usichokijua! Utaletewa kipande cha sabuni kimefungwa vizuri na utepe."

"Mimi sijawahi kuuziwa sabuni kwenye gunia la mchele, niuziwe kwenye simu?"

"Katarina, gunia unalichungulia. Simu utaichungulia wapi?"

"Tuwekeane dau, Makoye."

"Tuwekeane nini?"

Katarina hakupanga kusema aliyoyasema. Yalitoka tu, kama mchele kwenye gunia lililotoboka. "Nikiletewa sabuni, nitakuamkia. Kila siku, mpaka mmoja wetu azikwe."

Mashine ya kopi ikanyamaza yenyewe. Nje, bodaboda wakazima pikipiki. Inasemekana hata treni iliyokuwa inaingia stesheni ilipunguza mwendo isikilize.

Makoye akavua kofia, jambo ambalo hafanyi hata mvua ikikatika. "Na ukiletewa nzima, ukainunua kwa hao hao wa mtandaoni, ikachomekwa hapa mbele ya macho yangu na ikafanya kazi, mimi nitakuamkia wewe. Shikamoo kamili, kila siku, kofia mkononi. Fidelis, umesikia?"

"Nimesikia, babu," alisema Fidelis, akatamani kuwa kiziwi.

Usingizi ukamhama Katarina. Fikiria umri wote ule aliojikusanyia mwaka baada ya mwaka, aje aumwage wote kwa sababu ya kibao chembamba kama biskuti!

Asubuhi yake akakaa na Herieth kwenye simu. Picha zilikuwa nzuri kupita kiasi. RAM zinang'aa, zingine zina taa za rangi kama harusi. Maneno matamu: mali mpya, karibu mpenzi mteja, mzigo umebaki mchache.

"Huo ni mchele wa juu," alisema Katarina. "Mwambie apige bambo."

Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji, ambacho mnunuzi huchoma nacho gunia ubavuni ili mchele wa katikati umwagikie kiganjani. Bila bambo, Katarina hanunui hata sala.

"Bibi, RAM haichomwi bambo."

"Basi aishike mkononi, pembeni aweke jani bichi la kisamvu, apige picha sasa hivi. Nione kama kweli anayo."

Herieth akawaandikia wauzaji. Wa kwanza akajibu kwamba Dar hakuna kisamvu. Wa pili akawafungia asipate ujumbe wao tena. Wa tatu akatuma jani, lakini mkono ulikuwa mtupu.

Katarina akabadilisha njia. Sokoni, mwenye akili akitaka kujua bei ya kweli ya mchele haendi kama mnunuzi. Anakwenda kama muuzaji. Mfanyabiashara akikuambia atakununulia kwa kiasi gani, amekufunulia tumbo lake.

"Chukua simu yangu hii ndogo inayopokea picha kwa kulazimishwa," alimwambia Herieth. "Waandikie: Mimi ni bibi niko Ifakara. RAM mnanunua bei gani? Basi, usiongeze neno."

Aliyejibu kwanza alikuwa na jina refu kama treni ya mizigo: Viktor Mfalme wa Kompyuta Bei Chee. Akasema, bibi, mimi nanunua kwa bei ya jogoo. Kwenye simu ya Herieth, wakati uo huo, Viktor huyo huyo alikuwa anaitajia RAM hiyo hiyo bei ya mbuzi.

"Kumbe!" Katarina akacheka mpaka jicho dogo likapotea. "Akinunua ni kuku, akiuza ni mbuzi. Njiani inaota pembe! Mke mwenzangu, kwenye simu yako mwambie unampa jogoo wawili, usipande hata unyoya."

Hapo simu ndogo ikalia tena. Viktor aliuliza: *Bibi, una mzigo kiasi gani?*

Katarina, maisha yake yote, akiulizwa ana mzigo kiasi gani, hufanya jambo moja tu. Hufungua ghala. Basi alisimama mlangoni, akamwambia Herieth piga, ikapigwa picha ya magunia yaliyopangwa mpaka yanagusa bati, yameshonwa vizuri midomo. Ikatumwa. Bila neno. Picha haina mdomo, na Katarina naye siku hiyo hakuwa nao.

Kule Dar, Viktor akainuka kwenye kiti. Yeye alijua kuna watu hununua vyuma vya kompyuta chakavu kwa gunia. Akajiambia, lazima kuna ofisi ilifungwa huko, bibi akaachiwa stoo, hajui alichonacho! Aliogopa hata kuuliza zaidi, asije akamwamsha. Akaandika: *Bibi, usimuuzie mtu. Nakuja mwenyewe.* Halafu akakumbuka dada mmoja msumbufu wa Ifakara, akamwandikia: *Bahati yako dada, nina safari ya huko. Jogoo wawili sawa, ulivyosema. Nakuletea mkononi, utalipa ukiiona.*

Herieth akatazama simu hii, akatazama ile. "Bibi, anakuja kweli!"

"Aje," alisema Katarina. "Mgeni hafukuzwi. Kamwite Makoye aje ashuhudie."

Viktor alipanda basi. Mikumi tembo alisimama katikati ya barabara akamtazama kwa huruma, lakini yeye hakumwona, alikuwa anahesabu magunia kichwani. Mpaka Kidatu ameshanunua gari. Alipoteremka stendi ya Ifakara, amebeba mabegi makubwa ya shangazi kaja, yale ya nailoni yenye miraba, matupu, yamekunjwa kwapani, alikuwa ameshajenga na ghorofa.

Akaingia dukani kwa Herieth. "Shikamoo babu. Shikamoo bibi."

"Marahaba!" walijibu Makoye na Katarina kwa pamoja, kila mmoja akimwahi mwenzake. Katarina alikuwa kwenye kona yake na ungo. Aliona jinsi babu alivyotangulizwa kuamkiwa, akaliweka moyoni.

Viktor akatoa RAM kwenye karatasi inayong'aa. Fidelis akaichomeka. Kompyuta ikalia pii, pii, pii, kama kifaranga kilichokanyagwa, skrini ikabaki nyeusi.

Makoye akatabasamu polepole, kutoka sikio hadi sikio, na mjue masikio yake yako mbali. "Sabuni," alisema.

Lile neno Katarina alilokuwa hajamtamkia Makoye miaka yote likaanza kumsogelea ulimini, herufi baada ya herufi.

"Labda mashine yenu ni mbovu," alisema Viktor, akiangalia saa. "Dada, mimi nina haraka. Nielekeze kwanza ghala la bibi fulani mwenye magunia, nikirudi tutaongea."

Katarina akapepeta ungo taratibu. "Mwanangu, kwani hukuja pamoja na yule mwingine?"

"Mwingine yupi?"

"Yule wa Morogoro, mwenye Fuso. Naye alikuwa anaulizia bibi mwenye magunia. Sasa hivi yuko kwa mama ntilie anamalizia ugali. Alikuwa ameagiza na samaki, na samaki wetu wana miiba, labda bado utamuwahi."

Jasho likamtoka Viktor mpaka sakafu ikalowa, na Herieth akalazimika kusogeza waya. "Dada, ghala liko wapi? Tafadhali!"

"Nalijua vizuri sana," alisema Herieth, akikunja mikono. "Nitakupeleka mwenyewe. Lakini siwezi kuondoka dukani mashine yangu ikiwa imelala."

Viktor akatazama mlango. Akatazama kompyuta. Akainama, akavua kiatu, akaingiza vidole kwenye soksi, akachomoa RAM nyingine, nzima, aliyokuwa amemfichia mteja wa bei ya mbuzi. Ilikuwa ya moto. Fidelis akaifuta kwa shati, akainusa kwa bahati mbaya, akaifuta tena. Akaichomeka.

Kompyuta ikaamka kama mtu aliyeitiwa pilau. Herieth akabonyeza herufi moja, ikatokea kabla hajaondoa kidole. Akabonyeza nyingine, hiyo ilitangulia kutokea ndipo akabonyeza. Fidelis akapiga makofi. Herieth akamlipa Viktor palepale kwa simu, jogoo wawili kamili, wala unyoya haukuzidi.

Kofia ya Makoye ikaanguka kutoka kichwani. Hakuiokota.

"Haya," alisema Katarina, akijikung'uta pumba kwenye kanga. "Twende mwanangu, ukaone magunia."

"Wewe, bibi?"

"Mimi. Na ile picha ni ya ghala langu mwenyewe."

Ghalani Viktor alimeza mate. Magunia yalikuwa mengi kuliko kwenye picha. Katarina akampa bambo. "Choma unapotaka. Mimi simuuzii mtu kabla hajaona ndani."

Viktor akachoma. Ukamwagika mchele mweupe, mrefu, unanukia mpaka majirani walianza kuandaa mboga. Akachoma gunia la pili, mchele. Akapanda juu, akachoma la karibu na bati. Mchele ukammwagikia kichwani.

"Bibi, RAM ziko wapi?"

"Moja iko kwa mjukuu wangu. Nyingine ni wewe wa kujua, si ndiwe mfalme wake?"

"Lakini ulinitumia picha!"

"Uliniuliza nina mzigo kiasi gani. Uliniuliza ni mzigo gani?"

Viktor akatoa simu, akausoma tena ujumbe wake. Hakuuliza. Alikuwa amenyata asimwamshe bibi, kumbe bibi ndiye alikuwa amekaa macho akimtazama anavyonyata.

"Na ile iliyolia kama kifaranga," aliendelea Katarina, sasa bila kucheka, "ulitaka mjukuu wangu alale nayo?"

Kijana akaketi juu ya gunia. Alitazama mabegi yake ya shangazi kaja. Kicheko kikamponyoka, kwanza kidogo, halafu kikamshinda. "Bibi, umenipiga."

"Sijakupiga. Umekuja bondeni na mabegi matupu, utayarudisha matupu? Watu kwenu watasema nini?"

Akajaziwa mchele. Bei yake, kwa bahati mbaya, ilikuwa imepanda asubuhi ile ile. Katarina alimweleza kwamba makampuni makubwa ya nje yanawahi kuununua ukiwa shambani. Siku hizi ukiingia kwenye ukurasa wa Mfalme wa Kompyuta Bei Chee, katikati ya RAM na waya utaona: *Mchele halisi wa Ifakara, gunia halijafunguliwa.* Na ukitaka picha yenye jani la kisamvu, anakutumia.

Makoye hakukubali kirahisi. Jioni alivuka barabara. "Katarina, tulisema ununue kwenye simu. Huyu amekuja kwa miguu yake."

"Bei tulipatana kwenye simu. Mtu tulimpata kwenye simu. Wewe ulimwona kabla?"

"Sikumwona, lakini..."

"Basi RAM ndiyo niliyonunua. Miguu yake ni lumbesa, nimeongezewa juu ya gunia. Wewe mfanyabiashara mzima unakataa lumbesa?"

Makoye, ambaye hajawahi kuikataa lumbesa tangu azaliwe mwaka wowote ule aliozaliwa, akarudi kwake kuikung'uta kofia.

Kesho yake soko zima liliamka mapema. Waliotoka Mlimba walifika na treni, waliokosa nafasi walipanda juu ya dari. Makoye akavuka barabara, akasimama mbele ya Katarina, kofia mkononi, mvi zote nje.

"Shikamoo, mama."

Katarina alikuwa ameliandaa lile jibu kwa miaka. Alilitoa polepole, refu, kama mtu anayetandaza kitambaa cha meza. "Ma-ra-ha-baaa, mwanangu."

Watu wakapiga vigelegele. Makoye akangoja vikaisha. Halafu akavuta kigoda, akaketi.

"Mama," alisema, "mwanao hajanywa chai."

Katarina akainama kufunga kamba za ndala.

"Mwana anayeamka na kumwamkia mama yake," aliendelea Makoye, akiwageukia watu, "anarudishwa na njaa? Kwetu sijaliona hilo. Labda kwenu."

Watu wakamwangalia Katarina. Angefanya nini? Akamimina chai. Akaleta vitumbua. Makoye akala, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mama," akajifuta midomo, akavaa kofia.

Na kwa kuwa ahadi ilikuwa ni kila siku, alirudi kesho yake. Na keshokutwa. Jua likichomoza tu, kengele ya baiskeli yake inasikika, kisha shikamoo ya sauti kubwa inayofika mpaka stesheni, kisha kigoda kinavutwa. Vitumbua akavifahamu kwa majina. Siku moja akaleta na wageni wawili kutoka kwao, wadogo zake, nao wakamwamkia mama.

Juzi asubuhi Katarina aliisikia kengele ikiwa mbali. Akazima jiko, akafunika vitumbua kwa ungo, akajibanza nyuma ya magunia, akashika pumzi.

Makoye akaingia. Akavua kofia. Akatazama ghala lisilo na mtu, akanusa hewa yenye harufu ya mafuta na iliki, akasogelea gunia la tatu kutoka mlangoni, akainama kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama!"

Akangoja, kofia mkononi.

"Mama, shikamoo. Nimekuamkia mara ya pili. Usipoitikia watu watasema umeuacha ukubwa, na mimi nitauchukua."

Makoye akavuta kigoda. Halafu gunia likaguna, likasema:

"Marahaba."